Kuanza Pilates nyumbani: mkeka, kanga na pumzi

Wengi wanaoanza Pilates, mazoezi ya kuutawala mwili kwa mwendo wa taratibu na pumzi, hukimbilia lile zoezi gumu waliloliona kwenye simu, wakaamka kesho yake shingo imekaza na tumbo halina habari. Basi ujue shingo ndiyo iliyobeba mzigo. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na baadaye kufungua studio New York, aliuita mfumo wake Contrology, kwa maana ya kuutawala mwili. Kwa hiyo mara 5 ulizozitawala zina faida kuliko 20 za kujirusharusha.

Tafuta mkeka wa mazoezi wenye unene wa milimita 10 hadi 15. Ule mwembamba wa yoga utakuumiza kifandugu na pingili za mgongo. Mkeka wa ukili nao huteleza kwenye vigae, kwa hiyo kama ndio ulio nao, afadhali utandike blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya zulia. Weka karibu taulo dogo na kanga moja. Vua viatu na soksi, na kama umekula ukashiba, subiri saa mbili.

Anza na pumzi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kunja kanga iwe kama mkanda mpana, ifunge kwenye mbavu za chini isibane sana, kisha lala chali, magoti juu, nyayo chini, visigino mbali na makalio kwa shibiri moja na nusu hivi. Vuta pumzi kwa pua. Kanga ikaze pembeni na mgongoni, mabega yasipande kuelekea masikioni. Toa pumzi kwa mdomo taratibu, kama unayepoza chai. Mbavu zishuke, na sehemu ya chini ya kitovu izame kidogo yenyewe. Usilivute tumbo kwa nguvu hadi ukashindwa kuongea. Pumzi 10 zinatosha.

Sasa tafuta mkao wa nyonga. Weka vitako vya viganja juu ya mifupa miwili ya nyonga, ncha za vidole zielekee kwenye mfupa wa kinena, upate pembetatu. Bandika mgongo chini kabisa, kisha uache uinuke mpaka ubaki uwazi, halafu simama katikati: pembetatu ile ilale sawasawa, kiasi kwamba bilauri ya maji ingekaa juu yake isimwagike. Rudia mara 8. Mkao huo ndio utakaoulinda katika mazoezi mengi ya kulala chali, na ukiupoteza kiuno kitakuambia.

Ukiwa hapo hapo, fanya daraja: toa pumzi, inua makalio pingili baada ya pingili hadi mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, vuta pumzi ukiwa juu, toa ukishuka, kifua kikitangulia na kifandugu kikiwa cha mwisho. Mara 6 hadi 8. Misuli ya nyuma ya paja ikikukakamaa, visigino viko mbali mno, visogeze.

Halafu ndiyo Mia, zoezi la kwanza katika yale 34 ya mkekani. Wiki mbili za mwanzo kichwa kibaki juu ya taulo. Nyoosha mikono kando ya mwili, iinue sentimita chache, ipigepige juu na chini kutokea begani, viganja visilegee. Vuta pumzi kwa mapigo 5, toa kwa mapigo 5. Hiyo ni 10. Anza na 30, ongeza polepole hadi ifike mia yenyewe. Ukizoea, inua kichwa na mabega unapotoa pumzi, macho yatazame mapaja. Shingo ikianza kuuma, shusha kichwa uendelee na mikono. Tumbo likituna katikati kama tuta, mzigo umezidi, hasa kwa mama aliyejifungua: shusha kichwa na urudishe nyayo chini kama ulikuwa umezinyanyua.

Dakika 20, mara 3 kwa wiki. Mashine za studio zenye springi, zilizo kama vitanda, ni nzuri, lakini haziwezi kukupa pumzi usiyokuwa nayo mkekani.

Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, mwenye mifupa iliyodhoofika au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, amuone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Mwenye mifupa dhaifu asijikunje wala kujiviringisha.

Wiki ya tatu, jaribu kuinuka ukakae. Kanga ile ile ipitishe kwenye nyayo, miguu imenyooka, shika ncha zake, toa pumzi ujikunje kuanzia kidevu. Miguu ikinyanyuka, umetumia mrusho badala ya tumbo: kunja magoti kidogo, urudie polepole zaidi.