Kodi ya Hitilafu ya Umeme wa Gari Ikitokea, Pima Kwanza Ndipo Ununue

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi) ikakuandikia P0118, usikimbilie kununua sensa ya joto la maji, yaani kifaa kinachopima joto la maji ya kupozea injini. Kodi hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema volti kwenye njia ya sensa hiyo imepanda kupita kiasi, na njia yenyewe ina sensa, plagi, nyaya mbili na kompyuta ya gari. Sensa nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya waya mmoja uliokatika. Hilo linaniuma, maana kipimo cha kutofautisha mambo hayo huchukua dakika chache tu.

Andaa mashine ya kusoma kodi inayoonyesha pia data injini ikifanya kazi, multimita (kipimo cha umeme), na kipande cha waya mwembamba.

Hatua ya 1: Betri na athi (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri)

Gari likiwa limezimwa na kutulia, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ukiwasha injini, tarajia kati ya 13.5 na 14.7. Usiruke hapa, kwani umeme ukiwa hafifu kompyuta huzua kodi ambazo hazina uhusiano na kifaa chochote kibovu. Kisha, injini ikiwa bado inafanya kazi na taa kubwa zimewashwa, gusisha ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi volti 0.2, safisha na ukaze waya wa athi kwanza.

Hatua ya 2: Andika kila kitu kabla ya kufuta

Andika kodi zote, pamoja na data ambazo kompyuta ilihifadhi hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Ukifuta kodi, kumbukumbu hiyo nayo inapotea. Kodi za sensa kadhaa zikija kwa pamoja, tafuta kinachoziunganisha, kwa kawaida waya wa volti 5 au athi wanayochangia.

Hatua ya 3: Jaribu njia ya sensa

Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie joto la maji kwenye mashine. Likisoma nyuzi -40 wakati hakuna baridi ya namna hiyo, umeme haupiti kabisa. Chomoa plagi ya sensa, kisha unganisha matundu yake mawili kwa ule waya mwembamba. Usisukume kitu kinene. Utatanua vishikio vya ndani na kuleta hitilafu mpya.

Joto likiruka ghafla hadi juu kabisa, nyaya na kompyuta ni nzima, na sensa ndiyo mbovu. Hapo nunua.

Likibaki -40, sensa haina kosa. Toa kile kipande cha waya, upime kila tundu la plagi dhidi ya hasi ya betri. Moja likitoa volti 5, waya wa pili, yaani athi ya sensa, ndio uliokatika. Yote mawili yakikosa, fuatilia waya wa volti 5 kuelekea kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ishuku mwisho kabisa.

Onyo: njia hii ni ya sensa za joto zenye nyaya mbili tu. Kwenye sensa ya nyaya tatu unaweza kupiga shoti.

Hatua ya 4: Tafuta palipokatika

Tikisa nyaya taratibu huku mwenzako akitazama namba kwenye mashine. Zingatia zinapopinda, zinaposuguana na chuma, na karibu na plagi. Waya unaweza kuwa mzima kwa nje huku shaba ya ndani imegeuka unga wa kijani. Kata hadi ufikie shaba safi, unga kwa risasi ya kulehemu, kisha funika kwa mpira unaobana ukipashwa moto. Kusokota na kufunga utepe hakudumu kwenye joto la injini.

Hatua ya 5: Futa kodi, endesha

Futa kodi, acha injini ipoe kabisa, kisha liendeshe gari hadi lipate joto lake la kawaida. Joto kwenye mashine lipande polepole bila kurukaruka. Soma kodi tena, zikiwemo zile ambazo bado hazijawasha taa.