Fremu zinapokwama: tafuta kilichoelemewa kabla ya kununua kadi

Sisi wa Mtwara tunaorusha ndege kwa programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta mpakato, picha ikianza kukwama huwaza kadi mpya ya michoro, yaani kifaa kinachochora picha, ilhali mara nyingi kinachochelewesha ni prosesa, kifaa kinachofanya hesabu. Weka ndege kwenye uwanja wa Mtwara, hali ya hewa iwe tulivu, uandike idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde, kisha punguza pikseli, nukta zinazounda picha, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyoelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Rudia jaribio Heathrow, London, penye majengo na ndege nyingi zaidi, kwani huko jibu laweza kuwa jingine.

Prosesa ikielemewa, punguza ndege na magari yanayoendeshwa na programu, idadi ya majengo na umbali ambao ardhi huchorwa kwa undani. Hesabu za mwendo wa ndege na vyombo vya rubani hutegemea sana kiini kimoja cha prosesa, yaani sehemu yake moja inayofanya hesabu, ndiyo maana viini vinane havileti kasi mara nane. Kadi ikielemewa, anza na vivuli na mawingu. Mimi hupunguza vivuli kwanza, kwa kuwa mbingu ya Ruvuma bila mawingu yake hunipotezea raha ya kuruka.

Baada ya hapo weka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde, maana yake kila fremu ipewe takriban milisekunde 33. Fremu 30 zisizoyumba ni bora kuliko 45 zinazoporomoka hadi 20 ndege inapokaribia kutua, wakati ambao rubani anahitaji kuona jibu la kila anachokifanya.

Joto nalo lisidharauliwe. Msimu wa kaskazi chumba huwa na joto tangu asubuhi, na prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo usiamini vipimo vya dakika tano za mwanzo. Ruka nusu saa, chaja ikiwa imechomekwa, kisha ndipo uandike. Inua kompyuta kwa nyuma ili hewa ipite chini yake, isiwekwe juu ya godoro, na feni isafishwe vumbi.

Badilisha mpangilio mmoja kwa wakati, kisha ruka njia ileile, kutoka juu ya ghuba ya Mikindani hadi kutua Mtwara, ukilinganisha na ulichoandika awali.