Namna ya kufuata pesa ya utumwa wa Karibi ukiwa Bukavu na telefone tu

Mdogo wangu anaandika TFC (kazi ya kumaliza masomo universite) ya historia, juzi akaniuliza mabenki ya Uingereza yalishikana namna gani na utumwa wa Karibi, njo nikasema niandike hapa wengine pia wafaidike.

Weka mega (data ya intaneti), ingia asubuhi mapema juu ile saa koneksyo iko bado nzuri. Kwa Google andika Legacies of British Slavery, ni siteweb ya universite UCL ya London, ni ya bure. Kiingereza kikikusumbua pitisha kwa programu ya kutafsiri.

Lakini elewa hii kwanza. 1833 Uingereza ilipitisha sheria ya kumaliza utumwa, serikali ikatoa fidia ya paundi milioni 20, siyo kwa watumwa ee, kwa mabwana wao, watumwa wenyewe hawakupata kitu na wengi wakaendelea kutumikishwa na mabwana wale wale mpaka 1838. Kwa hizo milioni 20, 15 zilikopwa 1835 kwa Nathan Rothschild na Moses Montefiore, na deni lilikuja kuisha 2015, mdogo wangu akiwa primaire (shule ya msingi)! (Sisi tusishangae sana, 1908 Ubelgiji ilipochukua Kongo kwa mfalme wake Leopold ilimpangia faranga milioni 50 za kumshukuru. Yeye.)

Sasa tafuta Gladstone, chagua John, baba ya William Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza. Madai yake ya fidia yako mengi, jumlisha yote: karibu paundi 106,769 kwa watu 2,508. Gawanya, inatoka paundi 42 na kitu kwa kichwa. Chunga, shilingi 20 njo paundi moja, peni 12 njo shilingi moja, mimi nilijumlisha kama desimali nikaharibu kurasa mbili za kaye (daftari).

Ukiona neno mortgagee simama hapo, ni mwenye ipoteke. Alikopesha mwenye shamba, dhamana ni shamba pamoja na watu, kwa hiyo fidia ikifika naye anadai yake. Hata Bank of England miaka ya 1770 ilijikuta na mashamba mawili kule Grenada yenye watumwa 599, juu mkopaji alishindwa kulipa. 2020 benki hiyo iliomba msamaha, lakini ni juu ya magavana na wakurugenzi wake wa zamani walioshikana na utumwa.

Kila dai liko na namba, iandike kwa kaye pamoja na jina la koloni, umeme ukikatika katikati utajua pa kurudilia.