Somo: Kuifufua pleya ya CD ya zamani, na kuilinganisha na nyingine kwa haki

Pleya za CD zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado zinazunguka hapa Kisumu: soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye maduka ya vitu vya ex-UK, na sebuleni kwa wazee waliokusanya benga na rumba kabla simu hazijameza kila kitu. Nyingi ni nzito, zina transfoma ya maana, na ndani mkono wa fundi unapita bila kubanwa. Ninazipenda na ninataka ziendelee kuishi. Lakini ninyi mnaoniuliza kila mara "nibadilishe chipu gani ili sauti iwe tamu", naomba mnisikilize kwanza. Usiguse chipu yoyote kabla pleya haijarudi kwenye afya yake, na kabla hujajiwekea njia ya kusikia tofauti bila kujidanganya.

Hatua ya 1: Kabla ya kufungua

Soma maandishi ya nyuma. Stima yetu ni voliti 240. Pleya ya soko la Uingereza haina shida, ila ya Japani hutaka voliti 100 na ya Marekani 120, na hizo bila transfoma ya kushusha zitaungua siku hiyo hiyo. Chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kisha ndipo ufungue skrubu. Ukiiwasha ikiwa wazi, kaa mbali na upande wa swichi na fyuzi, na usichungulie lenzi. Mwanga wa leza ya CD ni wa nanomita 780, jicho haliuoni lakini unaweza kuliumiza.

Hatua ya 2: Usafi

Puliza vumbi na utoe mizoga ya mende. Futa lenzi taratibu kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kuoshea vidonda mara nyingi huacha utando ikikauka, kwa hiyo iache. Reli ambayo leza inateleza juu yake huwa na grisi iliyogeuka gundi. Ifute yote, upake mpya kidogo sana. Trei ikisuasua, badilisha mkanda wake wa mpira.

Skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu ya leza usiizungushe. Wengi huizungusha ili pleya isome CD zenye mikwaruzo, na leza iliyokuwa na miaka kadhaa mbele yake inakufa mapema.

Niseme pia kile ambacho usafi hauleti. CD ina mfumo wa kusahihisha makosa ambao unaweza kurudisha data yote hata pale mkwaruzo unapofunika milimita 2.5 za njia ya data. Lenzi chafu kwa hiyo haipunguzi besi. Inafanya pleya ikwame, iruke, au ikatae kusoma kabisa. Anayekuambia alifuta lenzi na waimbaji wakasogea mbele, mwombe asubiri mpaka hatua ya 5.

Hatua ya 3: Kapasita

Hapa ndipo pesa yako iende. Kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka kwa joto na umri. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu hivi. Joto la Kisumu halisaidii, na pleya iliyobanwa juu ya amplifaya inayochemka huteseka zaidi.

Pleya iliyo mezani kwangu sasa inaonyesha jambo hili waziwazi. Kapasita mbili zilizo ubavuni mwa kile kipande cha alumini cha kupoza regyuleta (kifaa cha kutuliza voliti) zimeacha doa la kahawia kwenye bodi, na plastiki yake imesinyaa mpaka bati linaonekana juu. Sentimita chache pembeni kuna nyingine za aina ile ile, na bado zinang'aa. Anza na zilizokaa karibu na joto.

Kanuni za kubadilisha: maikrofaradi zile zile, voliti zile zile au zaidi, na daraja la nyuzi 105 badala ya 85. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Mstari mweupe ubavuni ni upande wa hasi. Ukiigeuza itavimba au kupasuka. Toa moja, weka moja, halafu nenda kwa inayofuata. Bodi za zamani zina njia nyembamba za shaba ambazo huinuka ukikawia na chuma cha solda, kwa hiyo chuma kiwe na joto la kutosha na mkono uwe mwepesi.

Kwenye kapasita za kutolea sauti watu hutumia hela nyingi bure. Hesabu ni rahisi: kapasita ya maikrofaradi 10 ikiingia kwenye amplifaya yenye ohmu 10,000 huanza kukata besi kwenye 1.6 Hz, chini kabisa ya kile sikio linasikia. Kuweka ya 100 hakukuongezei besi. Kama ya zamani ni nzima, kinachobaki ni jina lililoandikwa juu yake.

Hatua ya 4: Chipu ya kutolea sauti

Karibu na matundu ya kutolea sauti utakuta chipu ya miguu minane, mara nyingi 4558 au NE5532. Kama ni NE5532, ushauri wangu ni uiache, maana ni chipu nzuri mpaka leo. Kama ni 4558 na unataka kujaribu, chomea soketi kwanza ili uweze kurudisha ya zamani. OPA2134 na LM4562 zina mpangilio ule ule wa miguu. Chipu yenye kasi huweza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia, kwa hiyo chomea kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 4 na wa 8, chini ya bodi. Baada ya dakika kumi iguse. Ikiwa inachoma kidole, zima.

Hatua ya 5: Kulinganisha

Pleya yenye sauti ya juu kidogo huonekana tamu zaidi, hata kama tofauti ni ndogo mno kwa msikilizaji kuitambua kama ukubwa wa sauti. Kiwango kilichozoeleka cha kutoka kwenye pleya ni voliti 2, lakini nyingine hutoa 2.3, na hiyo ni zaidi ya desibeli 1. Ulinganisho mwingi wa vijiweni unaanguka hapo, kabla muziki haujaanza.

Kwenye kompyuta, tengeneza mlio wa 300 Hz kwa programu ya Audacity na uuchome kwenye CD. Nimechagua 300 kwa sababu mita za bei nafuu hukosea masafa yakipanda. Cheza mlio huo kwa kila pleya, amplifaya ikiwa pale pale, na upime voliti za AC kwenye waya za spika. Ile yenye nguvu zaidi ipitishe kwenye kisanduku chenye potenshometa (kitufe cha kuzungusha kupunguza sauti) ya kilo-ohmu 10 na uipunguze mpaka tofauti iwe asilimia 1 au chini, yaani takriban desibeli 0.09.

Kisha tafuta CD mbili zinazofanana, zianze pamoja, na mtu mwingine abadilishe swichi ya amplifaya huku huoni. Arushe sarafu kuamua ipi icheze. Hakikisha hakuna inayotangulia, maana utaitambua kwa kutangulia na si kwa sauti. Fanya mara kumi. Anayekisia tu hufika tisa au kumi mara moja hivi katika mia, kwa hiyo ukipata tisa, tofauti ipo na unaisikia. Ukipata sita, okoa pesa yako.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Kakamega:* Mwalimu, pleya yangu inacheza CD za dukani bila shida, lakini CD ya kwaya yetu iliyochomwa kwenye kompyuta inaikataa. Tatizo ni lenzi?

Dada, inawezekana ni leza iliyochoka. CD ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu kidogo kuliko ya kiwandani, na ile ya kufutika hurudisha hafifu kabisa, hivyo leza dhaifu hushindwa hapo kwanza. Mwambie aliyechoma atumie CD-R ya kawaida na kasi ndogo, na ahakikishe ni CD ya sauti, si faili za MP3. Pleya za zamani haziijui MP3.

*Fundi wa Kondele:* Nina pleya yenye TDA1541A, chipu inayogeuza dijitali kuwa sauti. Nimesikia watu wanatoa chipu ya SAA7220 iliyo mbele yake ili sauti iwe ya asili. Nifanye?

Ndugu fundi, ukiitoa unaondoa kichujio cha dijitali. Sauti za juu zitashuka, karibu desibeli 0.75 kwenye 10 kHz na zaidi ya 3 kwenye 20 kHz, na watu huuita upungufu huo ulaini. Mimi ningeiacha. Kagua badala yake kapasita 14 za nanofaradi 100 zinazoizunguka TDA1541A, na uangalie kama voliti zake tatu, +5, -5 na -15, zimetulia.

*Kijana wa Maseno:* Kaka, si afadhali ninunue DAC ndogo ya kisasa, kile kisanduku cha kugeuza dijitali kuwa sauti, niunganishe tu?

Kama pleya ina tundu la dijitali, ni wazo zuri, hasa pale ambapo sehemu ya analogi imeharibika. Tumia kebo ya ohmu 75. Kisha zilinganishe kwa hatua ya 5, tundu la analogi dhidi ya DAC, kwenye pleya ile ile. Hapo huhitaji hata CD ya pili.

*Msikilizaji wa Nakuru:* Kupaka ukingo wa CD kalamu ya kijani kunasaidia?

Hapana.

*Mzee wa Bungoma:* Upande wa kushoto wa pleya yangu umefifia, na ukiwaka vizuri unakwaruza. Nimeambiwa ninunue chipu.

Mzee wangu, usinunue bado. Badilishana kwanza kebo za kushoto na kulia upande wa pleya. Udhaifu ukihamia spika nyingine, tatizo ni pleya. Ukibaki pale pale, ni kebo, amplifaya au spika. Ikiwa ni pleya, mwambie fundi aangalie solda ya matundu ya nyuma, ambayo hupasuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi, kisha rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au transista za kunyamazisha sauti zilizo jirani nayo. Rilei yenye midomo michafu hukwaruza hivyo hivyo unavyoeleza. Chipu aiangalie mwisho.