Ukipewa klipu ya muziki ya kuchambua, zima sauti kwanza

Wewe unayesomea mawasiliano hapa Goma, usikimbilie maneno ya wimbo. Tazama klipu bila sauti. Ndipo utaona kamera inavyorudi kila mara kwenye uso wa mwimbaji: hiyo ni kanuni, maana klipu huuza sura ya msanii pamoja na wimbo wake. Kisha washa sauti, gonga mdundo kwa kidole mezani, uone kama picha inabadilika pale pale kidole kinapogonga.

Andrew Goodwin, mtaalamu wa video za muziki, alieleza mwaka 1992 kwamba picha zaweza kufuata maneno, kuyaongezea maana au kwenda kinyume nayo. Hapa ndipo pa kukaa sana. Tuseme mwimbaji analilia mapenzi, na nyuma yake kijana anasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya makaa juu ya mawe meusi ya volkano: kuandika "mandhari ya Goma" hakutoshi hata kidogo. Chukudu ile inayaongezea maneno kitu gani, au inayapinga?

Mavazi na uchezaji vitaje kwa kifupi, ukivihusisha na aina ya muziki. Na kila unachodai, andika dakika na sekunde kinapoonekana.