SOMO: Jinsi ya kulikamata doa pofu la jicho lako (soma lote ndio uulize)

Wakuu, kila nikigusia doa pofu watu wananifuata pembeni, mara "nafanyaje", mara "mbona kwangu halitokei". Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namrushia link tu.

Kwa kifupi, kila jicho lina sehemu ambayo haioni kabisa, na huna habari nayo. Nyuma ya jicho kuna retina, ndio yenye seli za kupokea mwanga. Nyuzi za neva, kama milioni moja hivi, zinapita juu ya hiyo retina zinajikusanya na kutokea kwenye tundu moja kwenda kwenye ubongo, na hapo zinapotokea hakuna seli hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte ndio alilishtukia jambo hili, karne ya 17 huko.

1. Chukua karatasi nyeupe, ilaze kwa mapana.

2. Chora msalaba mdogo kushoto, kulia kwake sentimita 8 chora duara ulijaze wino. Duara lisizidi sentimita 1.

3. Ziba jicho la KUSHOTO kwa kiganja, usilibonyeze.

4. Jicho la kulia likazie macho MSALABA. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kisha wanakuja kusema ni uzushi. Unatazama msalaba, lakini kwa vile unasubiri duara lipotee unalichungulia, na ukilichungulia tu taswira yake inaangukia katikati ya retina, penye kuona vizuri kuliko kote, sasa litapoteaje? Doa pofu liko kama nyuzi 15 za pembe (digrii) kutoka unapotazama, upande wa sikio. Kwa hiyo duara ulione kwa pembeni ya jicho tu, usilifuate. ONYO: ukiziba jicho la kulia badala ya kushoto, duara linakuwa upande wa pua, huko hakuna doa pofu, utakodoa mpaka kesho. ONYO la pili: karatasi isilale upande, msalaba na duara viwe usawa mmoja.

5. Anza karatasi ikiwa mbali, mkono umenyooka, kisha ivute polepole. Ikifika kama sentimita 30 duara linayeyuka, panabaki peupe. Endelea kuvuta, linarudi.

MASWALI

Mzee_wa_Fix: Nimejaribu halipotei. Uongo mtupu.
– Umeziba jicho gani?
Mzee_wa_Fix: La kulia
– Hatua ya 3. Nimeandika kwa herufi kubwa mkuu, nifanyeje tena, nikuchoree?

Bi_Mdadisi: Limepotea kaka, nimeshtuka! Ila mbona hapabaki shimo jeusi, panakuwa peupe tu?
– Dada umeuliza swali tamu. Ubongo hauna taarifa ya pale, basi unachukua rangi ya jirani unajazia. Fanya hivi, chora mstari mrefu upite katikati ya duara, utokeze pande zote mbili, urudie. Duara litapotea lakini mstari utauona umeunga moja kwa moja, kipande ambacho jicho halikukiona kabisa. Ukitumia karatasi ya njano patajaa njano.

Kijana_Mtulivu: Jicho la kushoto nachora upya?
– Hapana. Geuza karatasi juu chini, msalaba uende kulia, ziba jicho la kulia.

Bi_Mdadisi: Na ni kubwa kiasi gani hilo doa?
– Ukiipanga miezi mipevu angani mstari mmoja, kama kumi hivi inaenea humo. Mtu akikaa mita 3 kutoka kwako, ziba jicho la kushoto, tazama ukutani kama sentimita 80 kushoto kwa kichwa chake. Sogeza macho kidogo kidogo, kichwa kitaondoka abaki mabega. Usimwambie.

Mtaalam01: Kwa hiyo wanyama wote wako hivi?
– Pweza hana. Kwake nyuzi zinatokea nyuma ya retina, hazipiti juu yake, basi hakuna haja ya tundu.

Nuru_ya_Jioni: Mimi naona vijidoa vinaelea nikitazama angani, ndio hilo?
– Hilo siyo dada. Hivyo ni vivuli vya vipande vidogo ndani ya ute wa jicho, mara nyingi havina shida. Lakini vikija vingi kwa ghafla, au vikiambatana na mimweko ya mwanga au kama pazia linashuka, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, usisubiri.

Mzee_wa_Fix: Ok limepotea. Una lingine?
– Simama karibu na kioo, tazama jicho lako moja kisha la pili, rudia rudia. Huwezi kuona macho yako yakicheza, ila aliye pembeni yako anayaona, kwa sababu jicho linaporuka ubongo unaibana ile picha. Kwa kamera ya mbele ya simu utayaona maana picha inachelewa kidogo.

Kijana_Mtulivu: Nyongeza: toboa karatasi ngumu kwa sindano, weka tundu karibu kabisa na jicho, tazama ukuta mweupe wenye mwanga huku unaitikisa. Utaona matawi matawi, ndio mishipa ya damu ya retina yako mwenyewe.
– Hiyo safi sana, asante mkuu. Ukuta lakini jamani, ukuta. Asije mtu hapa kaelekeza kitundu kwenye jua.