Kuipima sayari ya moto kwa kamera ya harusi, ukiwa Tanga

Niseme mapema usije ukanidai: sayari yenyewe hutaiona. Utapata nukta mia nne hivi kwenye grafu, zinazokwenda sawa, zinashuka kidogo, kisha zinapanda tena. Hapo zinaposhuka ndipo sayari inapopita mbele ya nyota yake.

Tunayoiwinda inaitwa HD 189733 b. Iligunduliwa mwaka 2005 na kundi la François Bouchy, Haute-Provence, Ufaransa. Ni jitu la gesi, zito kuliko Mshtarii kwa kiasi kidogo, lakini limejibanza kilomita milioni 4.7 tu kutoka kwenye nyota yake. Utaridi, tunaoona umekaa jikoni kabisa, uko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua. Joto la jitu hili linapita nyuzi 900 za Selsiasi, na mwaka wake ni siku 2 na saa 5 na robo. Kila likikatiza mbele ya nyota linaziba kama asilimia 2.4 ya mwanga, kwa saa 1 na dakika 50 hivi. Kwa mtu wa kamera, hicho ni kivuli kinene. Ipo sayari nyingine, WASP-18 b, ya moto zaidi na inapaa vizuri kwetu kusini, ila inaziba asilimia 1 tu. Usianze nayo.

Hatua ya 1: Vifaa

Kamera inayotoa faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata), lenzi ya milimita 200 au 300, na stendi yenye mota ya kufuata nyota. Kamera na lenzi ni zile zile ninazopigia picha za harusi. Stendi niliazima mwaka mzima kabla ya kununua. Ongeza betri mbili, pawa benki na fuko tupu. Mchanga utaukuta huko huko.

Hatua ya 2: Saa

Hapa ndipo nilipopoteza usiku wangu wa kwanza. Ratiba za kupita kwa sayari (mimi natumia Exoplanet Transit Database) zimeandikwa kwa UTC, saa za kimataifa. Niliongeza 3 kupata saa za Afrika Mashariki, nikapata 21, kisha kwa haraka nikamwambia mwenzangu tukutane "saa tisa usiku". Tulifunga vifaa kwa bidii, tukapiga picha mpaka alfajiri, na sayari ilikuwa imeshamaliza shughuli zake zamani. Siku hizi natoa 3 kwenye UTC, moja kwa moja: 18 toa 3 ni 15, toa 12, saa tatu usiku. Basi. Na saa ya kamera iweke sawa na simu, hadi sekunde.

Hatua ya 3: Mahali

Nyota hii ikifika juu kabisa inakuwa upande wa kaskazini, digrii 62 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo usifanye kama mimi nilivyokwenda Mwambani: uko kusini mwa mji, taa zote za Tanga zinakuja usoni. Nenda upande wa Amboni, mji uuache mgongoni. Miezi mizuri ni Julai hadi Septemba. Kusi linavuma, kwa hiyo miguu ya stendi iwe mifupi na lile fuko la mchanga lining'inie katikati.

Hatua ya 4: Kulenga stendi

Miongozo mingi itakwambia ulenge Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Kwetu Polaris iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko digrii 5 tu juu yake, ndani ya ukungu wa mvuke. Stendi nyingine hata haziinami kiasi hicho. Yangu nilimpa fundi seremala akanichongea kabari ya mninga. Weka digrii 5, elekeza kusini kwa dira, kisha piga picha mbili za majaribio zilizopishana dakika kumi. Nyota ikihama sana, sogeza kidogo, rudia. Hatua hii inachosha, na haina mkato.

Hatua ya 5: Kuitafuta nyota

Anza na Altair, ile kali upande wa kaskazini. Nenda kaskazini ngumi moja hivi ya mkono ulionyooshwa mpaka kwenye kundi dogo lenye umbo la mshale. Kutoka kwenye nyota ya ncha ya mshale nenda kaskazini digrii 3, utakuta doa la ukungu linaloitwa M27. Nyota yetu iko robo digrii mashariki mwa doa hilo. Magnitudi yake (kipimo cha mng'ao; namba ikikua, nyota inafifia) ni 7.7: macho matupu hayaipati, kamera inaipata bila jasho.

Hatua ya 6: Kupiga

Fokasi iharibu kidogo, makusudi. Mpiga picha atasononeka, lakini nyota iliyotandazwa kama punje ya dengu inagawa mwanga kwenye pikseli nyingi, na hakuna itakayojaa kupita kiasi. Mimi natumia ISO 200 na sekunde 30. Anza saa nzima kabla, maliza saa nzima baada. Bila nyota tulivu pande zote mbili huwezi kujua imeshuka kutoka wapi.

Adui mkubwa ni umande. Unajaa kwenye lenzi taratibu, na kwenye grafu unafanana na sayari inayoingia, ila haitoki. Nilikata kipande cha godoro la sponji, nikakikunja kama bomba mbele ya lenzi, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli. Kinatosha. Usifute kioo kwa kanga katikati ya kazi: utatikisa kamera na picha zote za baadaye zitakaa pengine.

Hatua ya 7: Kupima

Programu ya Siril inageuza RAW kuwa FITS, aina ya faili za picha za anga, na kutoa rangi ya kijani peke yake; programu ya AstroImageJ inapima mwanga wa nyota. Zote ni bure. Chagua nyota tatu hadi tano za kulinganisha zenye mng'ao wa karibu, kisha wastanisha nukta kumi kumi. Bila wastani utaona vumbi tu.

Ukipata mshuko wa 0.024 (ile asilimia 2.4), tafuta kipeuo chake cha pili: 0.155. Nusukipenyo cha nyota ni kilomita 540,000 hivi. Zidisha: unapata kilomita elfu 84, nusukipenyo cha sayari. Cha Mshtarii ni elfu 71 na ushei.

Mawingu yakikuharibia, hesabu siku 9 kasoro saa 3 (mizunguko yake minne), sayari itapita tena karibu na saa zile zile za usiku. Au siku 20 kasoro dakika 47.